Viazi vya Kila Kazi: Aina Zake, Sifa Zake na Hatari Zake

Mtu aingiapo katika soko la Wakulima mjini Nairobi asubuhi na mapema, akauliza habari za viazi, hutajiwa bei ya gunia. Ni mara chache kutajiwa jina la kiazi kilichomo ndani ya gunia hilo, wala yeye mwenyewe haulizi. Mwenye hoteli ataka kiazi cha kukaanga chipsi. Mama wa nyumbani ataka cha kuponda pamoja na mahindi na majani ya malenge, apate mukimo. Mpishi wa shule ataka cha kutia katika mchuzi wa maharagwe kisivurugike, naye mchuuzi wa bhajia ataka kiazi kisichokunywa mafuta yake yote. Wanne hao huweza kununua kutoka gunia moja, kila mmoja akaenda zake akitumaini kwamba kiazi hicho kitamtii.

Kiazi cha namna hiyo, kisicho bingwa wa kazi moja bali mtumishi wa kazi zote, ndicho kiitwacho kiazi cha kila kazi. Nchi ya Kenya imekipenda mno, hata leo aina moja tu, iitwayo Shangi, imeenea mashambani kuliko aina nyingine zote zikijumlishwa pamoja. Mapenzi hayo yana sababu zake, nazo ni sababu za maana. Lakini yana gharama pia, na gharama hiyo haimfikii mwenye hoteli wala mchuuzi. Humwangukia mkulima mwenye ekari moja au mbili kule Kinangop, Molo, Meru au Bomet, ambaye ada ya shule ya watoto wake imo udongoni.

KIAZI NI MAJI NA WANGA

Kabla ya kuzitaja aina moja moja yafaa kueleza kwa nini kiazi hiki hupondeka na kile hukataa. Sehemu kubwa ya kiazi ni maji. Katika kila kilo 1 ya viazi, karibu gramu 800 ni maji, na zile gramu 200 zilizobaki ni vitu vikavu, ambavyo vingi ni wanga. Tofauti ndogo katika hesabu hiyo ndiyo iletayo tofauti kubwa jikoni.

Kiazi chenye wanga mwingi huitwa kiazi cha unga. Kikichemshwa, chembe zake huachana. Ngozi hupasuka, na mwiko ukikigusa husagika. Kikikaangwa huwa kikavu kwa nje na chepesi kwa ndani, kwa kuwa hakina maji mengi ya kutoa nafasi kwa mafuta kuingia. Kiazi cha maji hufanya kinyume: chembe zake hushikamana hata kikiisha kuiva, hivyo hubaki na umbo lake ndani ya mchuzi, lakini kikipondwa huvutika kama gundi, na kikikaangwa hulegea mkononi. Kiazi cha kila kazi kimo katikati ya hivyo viwili. Hupondeka vya kutosha, hushikamana vya kutosha, na chipsi zake huliwa bila manung'uniko.

Mkulima au mpishi hahitaji chombo cha maabara ili kujua kiazi chake ni cha upande gani. Apime kikombe 1 cha chumvi na vikombe 11 vya maji, akoroge mpaka chumvi yote iyeyuke, kisha atumbukize kiazi kibichi kilichooshwa. Kiazi cha unga ni kizito, nacho huzama. Kiazi cha maji huelea. Akijaribu viazi kadhaa vya gunia moja ataona kwamba havitendi sawasawa, na hapo atajifunza jambo lingine: kwamba aina peke yake si kila kitu. Mvua nyingi mwishoni mwa msimu, mbolea ya chumvi iliyotiwa kupita kiasi, na hasa kuvuna mapema, huweza kukigeuza kiazi cha unga kuwa cha maji. Wakulima wengi wakiisha kusikia bei imepanda huchimba viazi vikiwa na ngozi inayochunika kwa kidole. Mnunuzi akilalamika, lawama hutupiwa mbegu, kumbe kosa ni la jembe lililotangulia wakati wake.

Liko na jambo la sukari. Kiazi kikiwekwa mahali penye baridi kali, kama ndani ya friji, baadhi ya wanga wake hugeuka kuwa sukari, na sukari hiyo ikikutana na mafuta ya moto huungua. Ndiyo sababu chipsi nyingine hutoka nyeusi na chungu ilhali ndani hazijaiva. Watengenezaji wa krispi huogopa jambo hili kuliko yote, maana mnunuzi wa krispi hutazama rangi kabla ya kuonja.

HABARI ZA KERR'S PINK

Kiazi si mwenyeji wa Afrika. Asili yake ni milima ya Andes katika Amerika ya Kusini, na watu wa pwani yetu bado wanakumbuka njia mojawapo iliyopita jina lake, kwa kuwa neno mbatata limetoka kwa Wareno. Katika nyanda za juu za Kenya kiazi kiliingia pamoja na walowezi wa Kizungu mwishoni mwa karne ya 19, na wakulima Waafrika wakakichukua upesi wakakifanya chakula chao, hata Wakikuyu wakakipa jina la waru.

Miongoni mwa aina zilizopendwa zamani hizo ilikuwamo Kerr's Pink. Kiazi hiki kilizalishwa Scotland mwaka 1907 na mkulima aitwaye J. Henry, kikaanza kuuzwa mwaka 1917 kwa jina la mfanyabiashara wa mbegu, William Kerr. Ni kiazi cha mviringo, chenye ngozi ya waridi na macho yaliyozama, na nyama yake ni ya unga. Kilikuwa kitamu, kilikubali kupondwa na kuchemshwa, nacho kilizoea hali ya hewa ya milimani. Basi wengi wakakilima, na waliokilima hawakuona haja ya kingine.

Mwaka 1941 ulionekana Kenya ugonjwa wa ukungu wa viazi, ambao wakulima huuita blaiti. Huanza kama madoa ya maji katika majani, kisha madoa huwa meusi, na asubuhi yenye umande mtu akigeuza jani huona ukungu mweupe chini yake. Hewa ikiwa baridi na mvua ya manyunyu ikiendelea, shamba lililokuwa kijani huweza kuwa jeusi katika muda wa wiki moja au mbili, nalo hutoa harufu mbaya isikikayo kutoka barabarani. Mbegu za ukungu huo huchukuliwa na upepo, tena huoshwa na mvua zikashuka mpaka kwenye viazi vyenyewe, vikaoza. Kerr's Pink haikuwa na kinga ya kutosha. Aina iliyokuwa fahari ya milima ikawa mzigo kwa wakulima wake.

Ugonjwa huo ndio ulioiangamiza Ireland kuanzia mwaka 1845. Maskini wa nchi ile walikuwa wakitegemea hasa aina moja ya kiazi, iliyoitwa Lumper, iliyozaa sana hata katika udongo hafifu. Ukungu ulipokuja ukaikuta Lumper kila mahali. Watu wapatao milioni moja walikufa kwa njaa na maradhi, na wengine zaidi ya milioni moja wakaihama nchi yao. Ziko sababu nyingine za msiba ule, kama vile kodi za mashamba na ugumu wa watawala, lakini kiini chake kilikuwa ni shamba la kiazi kimoja.

Hapa ndipo mkulima apaswapo kuelewa tofauti iliyopo kati ya viazi na mahindi. Mahindi hupandwa kwa punje, na kila punje ina baba na mama yake. Kiazi hupandwa kwa kiazi. Mmea mpya ni kipande cha mmea wa zamani, wenye nguvu zile zile na udhaifu ule ule. Ekari moja iliyopandwa kwa nafasi ya sentimita 75 kwa 30 huchukua mashina kama 18,000, na ikiwa yote ni ya aina moja, basi ugonjwa ukipata njia ya kuingia katika shina moja umekwisha kuipata kwa yote.

Baada ya 1941 kazi ya kutafuta viazi vyenye kinga ilianza. Zililetwa aina zenye jina la Roslin, kijiji cha Scotland kilicho karibu na Edinburgh, kama vile Roslin Eburu na Roslin Tana, na kutoka bara la Ulaya zikaja Anett, Desiree na Dutch Robijn. Kisha ikafuata Kenya Baraka. Kazi hiyo ikajikita Tigoni, karibu na Limuru, ambako hata sasa kipo kituo cha taifa cha utafiti wa viazi, kikishirikiana na Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoanzishwa Lima, Peru, mwaka 1971. Baadhi ya aina hizo zilishinda ukungu kwa miaka kadhaa, halafu ukungu ukabadilika ukazishinda. Ushindi wa kudumu bado haujapatikana.

AINA ZILIZOPO NA TABIA ZAKE

Dutch Robijn ni mzee kuliko nyingi zilizobaki mashambani, nacho si kiazi cha kila kazi hata kidogo. Ni chekundu cha mviringo, kizito, chenye wanga mwingi na sukari kidogo, na kwa muda mrefu kimekuwa kiazi cha viwanda vya krispi. Wakulima wa Bomet wamekilima kwa kazi hiyo kwa miaka mingi. Kinatajwa hapa kwanza kwa kuwa kinaonyesha upande mwingine wa hesabu: mkulima wa Dutch Robijn ana mnunuzi anayemjua kwa jina, lakini mnunuzi huyo akikataa mzigo, si rahisi kuupeleka sokoni, kwa maana macho yake yaliyozama humchosha mwenye kumenya.

Katika mwaka 1998 zilitolewa rasmi aina mbili zilizokusudiwa nyumba na hoteli kwa pamoja, nazo ni Tigoni na Asante. Tigoni ina ngozi nyeupe, umbo la yai na macho ya juujuu. Huzaa sana, viazi vyake ni vikubwa, na mkata chipsi hupata vipande virefu bila kutupa kingi. Asante ina ngozi ya waridi na umbo la mviringo, hufaa kuchemshwa na kukaangwa. Asante ina ndugu, au tuseme ni kiazi hicho hicho chenye jina jingine: ng'ambo ya mpaka, nchini Uganda, wakulima hukiita Victoria, nao walikipata kabla ya Kenya. Mfanyabiashara wa Busia au Malaba asiyejua jambo hilo huweza kudhani anauza viazi viwili.

Wakati huo huo wakulima nao walikuwa na viazi vyao, visivyopita mikononi mwa watafiti. Kimojawapo ni Nyayo, jina linalokumbusha wito wa Rais Daniel arap Moi, aliyeiongoza nchi kutoka 1978 hadi 2002. Nyayo ilitawala mashamba mengi ya Nyandarua na Nakuru kabla ya Shangi kuipokonya nafasi.

Kenya Mpya na Kenya Sherekea zilitolewa mwaka 2010. Zote mbili zilichaguliwa hasa kwa sababu zinastahimili ukungu, hivyo mkulima hunyunyiza dawa mara chache kuliko jirani yake. Mpya ina ngozi nyeupe yenye macho ya waridi, hupondeka vizuri na hukaangwa. Sherekea ni nyekundu na ya mviringo, huzaa kwa wingi, na ina tabia moja ambayo wengine huiita kasoro na wengine wangepaswa kuiita hazina: hulala muda mrefu. Kiazi kilichochimbwa hakichipui papo hapo. Hukaa kwanza katika hali kama ya usingizi, na usingizi wa Sherekea huchukua kama miezi mitatu. Jambo hilo litarudiwa hapa chini.

Unica ilipata kibali Kenya mwaka 2016, nayo ilitoka kwa watafiti wa Lima. Ni ndefu kidogo, ya ngozi nyekundu. Hustahimili joto kuliko nyingi, hivyo imewapa matumaini wakulima wa sehemu zilizo chini kidogo ya zile za viazi vya kawaida, tena hupambana vizuri na virusi. Dhidi ya ukungu haina nguvu hiyo. Mwenye Unica asiuze bomba lake la dawa. Kutoka Uholanzi zimeletwa pia aina nyingi za viwanda, Markies ikiwa mojawapo, zenye umbo refu la kupendeza chipsi. Mbegu zake ni ghali, na si kila mwenye shamba dogo awezaye kuanza nazo.

SHANGI

Shangi haikutoka katika kituo cha utafiti. Iliibukia mashambani mwa wakulima wa Nyandarua, ikapita kutoka jirani hadi jirani, na serikali ikaja kuiandikisha rasmi mwaka 2015 wakati ilikuwa imekwisha kuenea nchi nzima. Ngozi yake ni nyeupe ya maziwa, macho yake yana rangi ya waridi, na umbo lake ni la yai. Hukomaa katika muda wa miezi mitatu hivi. Huiva upesi ikichemshwa, jambo kubwa kwa mtu anunuaye makaa kwa kopo; hupondeka kwa mukimo; huingia katika mchuzi; na hukaangwa chipsi zinazoridhisha wateja wa mjini. Hukubali udongo wa namna nyingi. Kwa kifupi, ndiyo kiazi cha kila kazi kwa maana kamili.

Sifa iliyoipa Shangi ushindi shambani ndiyo pia inayomtia hasara mwenyewe. Usingizi wake ni mfupi mno. Katika wiki chache tu baada ya kuchimbwa huanza kuchipua. Kwa mkulima wa sehemu zenye mvua mara mbili kwa mwaka hiyo ni neema, kwa kuwa viazi avivunavyo Julai na Agosti huwa tayari kuwa mbegu ya mvua za vuli mwezi Oktoba. Aina ilalayo muda mrefu ingemlazimisha kuifukia mbegu shimoni pamoja na majani makavu ili kuiamsha, au kukosa msimu. Ndiyo maana Sherekea, pamoja na wema wake wote, haikuenea upesi.

Lakini kiazi kinachochipua upesi hakiwezi kungoja bei. Wakulima wa wilaya nzima wakipanda Shangi kwa mvua moja, huchimba kwa mwezi mmoja. Magari ya wachuuzi hufika, na wachuuzi wanajua vizuri kwamba mali ile haiwezi kukaa ghalani. Mkulima akikataa bei ya leo, baada ya wiki chache atakuwa na gunia la viazi vilivyonyauka vyenye mikia. Wengine huviacha udongoni, wakidhani ardhi ni ghala ya bure, na huko nondo wa viazi huvitoboa au mvua ikavioza. Miezi mitatu baadaye bei hupanda maradufu, na mwenye viazi hayupo.

Udhaifu huo ndio pia uliolipa nguvu gunia lenye kilemba, lile lililoongezwa wavu juu likapita kilo 100 kwa mbali, hali likilipwa kama gunia moja. Kanuni za mwaka 2019 ziliagiza viazi vifungwe katika magunia yasiyozidi kilo 50, lakini kanuni haina nguvu mbele ya mtu ambaye mali yake inaoza. Ajuaye kwamba viazi vyake vitakaa salama kwa miezi miwili zaidi huweza kusimama mlangoni pake na kusema hapana.

Na upo ukungu. Shangi haiustahimili vyema. Katika miezi ya mvua mwenye kuilima hulazimika kunyunyiza dawa mara kwa mara, na gharama ya dawa huingia katika faida yake. Nchi iliyopanda Kerr's Pink kila mahali ilipata jibu lake mwaka 1941. Leo dawa zipo ambazo hazikuwapo wakati ule, wala hakuna haja ya kutishana kwa njaa ya Ireland, kwa kuwa Kenya ina mahindi, maharagwe na vyakula vingine. Hata hivyo kiazi ni chakula cha pili kwa ukubwa baada ya mahindi, na kukiegemeza chote juu ya shina moja ni kujasiri kusikohitajika.

Mwezi Januari 2022 jambo jingine lilionekana. Kampuni moja ya kigeni iuzayo kuku wa kukaanga iliishiwa na chipsi katika mikahawa yake ya Kenya, kwa sababu chipsi zake zilizogandishwa zilikuwa zikitoka ng'ambo na meli zilichelewa. Watu walikasirika sana: itakuwaje nchi yenye viazi milimani ingoje meli? Jibu la kampuni lilikuwa kwamba kila mwenye kuiuzia mali sharti kwanza apite katika utaratibu wake wa kuthibitisha ubora. Hasira ya watu ilikuwa ya haki, lakini haikujibu swali lote. Kiwanda cha chipsi hutaka viazi vya urefu mmoja, vya wanga uliopimwa, vyenye sukari kidogo, tena vya aina moja inayojulikana, mzigo baada ya mzigo. Gunia lisilo na jina haliwezi kutoa ahadi hiyo, hata kama kila kiazi kilichomo ni kitamu.

MBEGU NDIYO KAZI YENYEWE

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Kwa mchagua mbegu hawakusema neno, na kwa upande wa viazi, asiyechagua hula hasara. Mavuno ya wastani ya Kenya ni kama tani 8 hadi 10 kwa hekta, na wakulima wenye mbegu njema na utunzaji mzuri huvuna tani 30 na zaidi. Sehemu ndogo sana ya mbegu zipandwazo ndiyo iliyothibitishwa; nyingine ni viazi vidogo vilivyobaki baada ya vikubwa kuuzwa. Ubaya wa desturi hiyo ni kwamba mmea wenye virusi huzaa viazi vidogo, na mkulima akivitenga hivyo vidogo kuwa mbegu, hujichagulia ugonjwa mwaka baada ya mwaka, bila kujua.

Asiyeweza kununua mbegu iliyothibitishwa kila msimu anayo njia ya kujisaidia. Shamba lake linapoanza kutoa maua, apite akiweka kijiti kando ya kila shina lenye afya, refu na lenye majani yasiyokunjamana wala kuwa na madoa ya manjano. Baada ya wiki mbili apite tena, na kijiti cha shina lililoonyesha ugonjwa akiondoe. Wakati wa kuvuna achimbe mashina hayo peke yake kabla ya mengine, na katika hayo achukue mbegu pale tu palipo na viazi vingi vya ukubwa wa yai la kuku. Kazi hiyo haina gharama ila vijiti na subira.

Mnyauko nao hauna dawa. Shina hulala ghafla mchana lingali kijani. Mkulima akilitilia shaka, alikate karibu na udongo, akitumbukize kipande chake katika gilasi ya maji safi na kukishika bila kukitikisa. Yakitoka maji meupe kama nyuzi za maziwa, basi ni mnyauko, na shina hilo ling'olewe pamoja na udongo wake. Shamba hilo lisipandwe viazi kwa misimu kadhaa, wala nyanya, pilipili au biringani, ambazo ni za ukoo mmoja na viazi. Mahindi au nyasi za ng'ombe hufaa. Kupumzisha shamba kuna faida nyingine tangu mwaka 2015, ilipogunduliwa Nyandarua minyoo midogo ya mizizi ya viazi, ambayo mayai yake hukaa udongoni miaka mingi yakingoja kiazi kirudi.

Kuhusu kuacha Shangi kabisa, hakuna awezaye kumshauri mkulima hivyo kwa moyo safi, maana soko lake lipo na chakula chake ni kizuri. Linalowezekana ni kuipunguzia mzigo. Mwenye ekari moja huweza kuigawa: sehemu moja Shangi, iuzwe mara ichimbwapo, sehemu nyingine aina istahimiliyo ukungu na ilalayo muda mrefu, kama Sherekea, iwekwe ghalani na kuuzwa wakati Shangi ya jirani imekwisha kwenda na wachuuzi. Mvua ikizidi na dawa ikachelewa, nusu ya pili husimama wakati ya kwanza imeanguka. Mistari isichanganywe, wala magunia, kwa kuwa mpishi aliyenunua viazi vya kuiva kwa dakika 15 akikuta vingine bado vigumu, hamlaumu aliyechanganya. Hulaumu viazi vya mahali hapo vyote.

Ghala ya viazi vya kula iwe na giza na upepo wa kutosha. Kiazi kilichopigwa na mwanga hugeuka kijani na kuwa kichungu, nacho kina sumu iitwayo solanini, kuchemsha hakuiondoi. Mbegu ni kinyume chake. Hiyo hutandazwa juu ya vichanja mahali penye mwanga hafifu, pasipo jua, igeuke kijani na kutoa machipukizi mafupi manene yasiyovunjika upesi. Mbegu ya Shangi iliyovunwa Julai itakuwa tayari Oktoba. Ya Sherekea iliyovunwa siku hiyo hiyo huenda bado imelala au ndiyo kwanza inaamka. Hiyo iachwe kichanjani mpaka mvua za Machi.